Tangi la Mkaguzi wa Mizani

Kazi yangu ni kushuku. Nakagua mizani: ya wauza nyama, ya wauza mchele, ya wauza misumari, hata ile ndogo ya sonara ambayo ukiihemea tu inayumba. Kwa miaka ishirini na mmoja nimekuwa nikiingia madukani watu wanaacha kucheka. Nimekuta sumaku imebandikwa chini ya sahani, jiwe la kilo limetobolewa tumboni, na kidole gumba kimesahauliwa pembeni ya nyama kwa bahati mbaya kila siku. Ofisini wananiita Gramu, nami naitika.

Daktari aliponiambia presha yangu imepanda, alinishauri nitafute kitu cha kutazama ambacho hakiwezi kunidanganya. Nikachagua samaki. Wanaojua wakaniambia nianze na wa maji ya kawaida, maana hawa wa maji ya chumvi wana makuu na hawamtaki mwanafunzi. Waliponiambia hivyo ndipo nilipong'ang'ania wa maji ya chumvi.

Duka la samaki wa mapambo liko nyuma ya duka la vioo, na mwenye duka ni dada mmoja ambaye mikono ya blauzi yake imelowa saa zote. Aliniuzia tangi la lita sitini, pampu, hita, mchanga, mawe, mfuko wa chumvi maalumu na kipima chumvi. Hicho kipima ni kama darubini ndogo: unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia, unaona mstari unaotenganisha buluu na nyeupe umesimama kwenye namba gani. Maji ya samaki hawa yanatakiwa yasome thelathini na tano. Nilikipenda palepale.

"Samaki je?" nikamuuliza.

"Bado, kaka. Tangi lazima likomae kwanza. Wiki sita."

Mfanyabiashara anayemwambia mteja asinunue ana lake jambo. Nilimkazia macho, naye akaendelea tu kunieleza: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi inabaki humohumo, kwa hiyo najazia maji matupu, nisije nikajazia ya chumvi kama wanaoanza wanavyokosea. Akaniambia nikichanganya maji mapya nimletee chupa moja ayapime kabla sijachukua samaki. Kisha akashika kile kipima, akaanza, "Na hiki, kabla hujakitumia..."

"Dada," nikamkatiza, "kupima ndiyo kazi yangu."

Akacheka kidogo, akakifunga kwenye boksi lake.

Nyumbani nilipima chumvi kwa mizani yangu mwenyewe, gramu kwa gramu kama mfuko ulivyoagiza, nikaikoroga kwenye maji hadi ikayeyuka yote, nikachungulia. Ishirini na nane. Nikarudia, ishirini na nane tena. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikajua kiwanda kimepunja. Wamechanganya chumvi yao na unga sijui wa nini, wakadhani huku nyumbani hakuna atakayewagundua. Nikaongeza chumvi hadi mstari ukakaa thelathini na tano sawia. Nilifurahi sana siku hiyo, mpaka nikabandika kwenye kile kipima kibandiko cha ofisini kwetu, kile tunachobandika kwenye mizani iliyopita ukaguzi. Ulikuwa utani wangu wa peke yangu.

Wiki ileile mama mkwe alihamia kwetu.

Tangu baba mkwe afariki, alikuwa anakaa kwa mwanawe, yaani shemeji yangu, mtu mwenye nyumba ndogo na watoto wengi. Godoro lake lilikuwa kwenye korido kati ya jiko na bafu, na kila anayekwenda kuoga alimruka. Mke wangu alilia kwa ajili ya korido hiyo mwaka mzima. Mwisho nilimwambia tumchukue mama aje akae nasi moja kwa moja, chumba cha nyuma kiko wazi. Na mama alipofika na mabegi yake mawili, ni mimi niliyemwambia kwa mdomo wangu, "Mama, hapa ni kwako. Usiombe ruhusa ya kitu chochote." Akashukuru huku ameinamisha uso. Mke wangu hakuwahi kunitazama vile alivyonitazama siku ile, hata tulipooana.

Mimi na mama mkwe tulikuwa tunaheshimiana hadi tunachoshana. Yeye akiwa sebuleni, mimi nakohoa kabla sijaingia. Mimi nikiingia, yeye anavuta shuka lake hadi kwenye vidole vya miguu, sijawahi kuona hata kisigino chake. Mazungumzo yetu yalikuwa umeamkaje na umeshindaje, mpaka samaki walipokuja. Hapo akapata la kusema. Aliwaita wapangaji. Nikitoka chumbani asubuhi namkuta kwenye kiti chake kando ya tangi, ananiambia, "Wapangaji wako wameamka. Yule mnene kamnyima mwenzake chakula."

Walikuwa samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari mieupe, na kamba mmoja mwekundu mwenye sharubu ndefu. Niliwachukua baada ya zile wiki sita. Yule dada aliuliza chupa yangu ya maji iko wapi, nikamwambia maji nimeshayapima mwenyewe. Muuzaji apime maji yangu halafu aniambie yana kasoro, kisha aniuzie dawa ya kasoro? Mchezo huo naujua tangu sijaota ndevu.

Baada ya siku tatu mke wangu alisafiri kwenda mafunzo ya kazini, wiki tatu nzima. Kwenye kituo cha basi aliniambia jambo moja tu. "Mama ana aibu. Ukimwona kimya, usidhani hana shida."

"Mama yuko kwake," nikamjibu. "Nenda kwa amani."

Kesho yake kamba akafa. Nilimkuta amelala ubavu juu ya mchanga, sharubu zimelegea. Nilipima maji: thelathini na tano. Nilipima joto, nikapima na ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ile ya matone yanayobadilika rangi, yote shwari. Sasa mnyama anakufaje kwenye maji yasiyo na kosa? Machale yakanicheza. Kuna mkono wa mtu hapa, nikajiambia.

Nikaanza kufuatilia kama ninavyofuatilia madukani. Nilichora mstari wa penseli kwenye kioo usawa wa maji. Nilibandika kipande cha uzi kwenye mfuniko wa tangi. Ndoo niliyomiminia ile chumvi ya tangi, iliyokuwa kwenye stoo, niliipima na kuandika uzito wake kwenye karatasi niliyoiweka mfukoni. Niliporudi jioni kutoka kazini uzi ulikuwa palepale, mstari palepale, lakini ndoo ilikuwa imepungua gramu mia na themanini. Nikainama nikanusa mfuniko wake. Ulikuwa unanuka dawa ya kuchua, ile kali inayowasha macho. Na ndani ya nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa anajipaka dawa ya kuchua.

 Nilipima tena kesho yake, ikawa imepungua tena, karibu kiasi kilekile. Samaki nao walikuwa wamejibanza kwenye kona, wanahema haraka haraka, na chakula walikitazama tu kikishuka. Nilimpeleleza mama mkwe kwa pembe ya jicho wakati wa kula. Alikuwa mkimya kuliko kawaida. Alikuwa anakaa chini taratibu na kuinuka taratibu, na nikiingia sebuleni ghafla anashtuka. Yote hayo niliyaandika kichwani upande wa mashtaka. Nilishajijibu jinsi ilivyokuwa: mama anachota chumvi anawatilia wapangaji wake, akidhani ni chakula au ni dawa, na mikono yake ina ile dawa ya kuchua, na dawa ndiyo inayoua. Uzi haukukatika kwa sababu wazee wana ujanja wao. Kama ni chumvi anaongeza mbona kipima kinasoma thelathini na tano ileile, hilo nililiruka. Sijui niliwezaje kuliruka.

Jumamosi mchana nilimwomba tuzungumze. Sikupaza sauti. Nilitumia ile sauti yangu ya kazini, ya upole, ambayo wauza nyama wanaiogopa kuliko kelele. Nikaleta mizani sebuleni nikaiweka juu ya meza mbele yake, nikaleta na ndoo nikaipandisha juu, nikatoa karatasi mfukoni.

"Mama, juzi ilikuwa kilo nne na gramu mia mbili. Leo tazama mwenyewe."

Alitazama namba, sidhani kama aliiona.

"Nilichukua kidogo, mwanangu," akasema.

"Kwa kazi gani, mama?"

 Akavuta shuka lake, akalibana chini ya miguu pande zote mbili. Mimi mikono inayoficha kitu naijua. Nilijisikia vile ninavyojisikia nikigeuza sahani na kukuta sumaku.

"Umetia ndani ya tangi?"

"Hapana."

"Basi imekwenda wapi? Maana samaki wanakufa, mama, na ndoo inanuka dawa yako."

Midomo yake ilitikisika kidogo. Alikuwa anataka kusema kitu, nilimwona, na kama ningenyamaza nusu dakika labda angekisema. Badala yake nikasema, "Mimi sina ubaya. Nataka ukweli tu." Hivyo ndivyo ninavyowaambia wote.

"Basi nisamehe, mwanangu," akasema. "Sitagusa tena."

Kwangu mimi hilo lilikuwa kukiri. Nilirudisha ndoo stoo, na safari hii nikafunga mlango wa stoo kwa ufunguo, nikautia mfukoni mbele yake.

Siku mbili baadaye shemeji alikuja na gari. Mama mkwe alikuwa ameshafunga mabegi yote mawili. Aliniambia amewakumbuka wajukuu, atakaa nao kidogo. Shemeji alikuwa anatazama saa. Nilibeba mabegi hadi kwenye gari, nikamtakia safari njema, na nisije nikadanganya hapa: nilishusha pumzi. Mke wangu alipopiga simu nilimwambia mama yuko kwa shemeji anasalimia watoto, hajambo kabisa. Akasema, "Amekwenda mwenyewe?" Nikasema ndiyo, mwenyewe.

Nilibadilisha sehemu ya maji ya tangi, nikachanganya mapya kwa uangalifu hadi thelathini na tano. Nyumba ilikuwa tupu, stoo imefungwa, hakuna mkono wa mtu yeyote. Siku ya nne yule samaki mnene akafa. Yule mwenzake alikuwa ameegemea kioo, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi kumi.

Niliketi kwenye kile kiti cha mama mkwe. Sasa nimshuku nani? Nilibaki na muuza samaki. Nikachota maji kwenye chupa, nikatia kipima changu mfukoni, nikaenda dukani kwake nimejiandaa kwa vita.

Alidondosha tone kwenye kipima chake, akachungulia, akakipangusa, akachungulia tena.

"Arobaini na mbili," akasema. "Kaka, hawa umewachemsha kwa chumvi."

"Si kweli. Ni thelathini na tano. Nimepima asubuhi."

"Lete chako."

Nikampa. Akakigeuza akaona kibandiko. Akakisoma, akanitazama. Alichukua chupa ya maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi hata chembe, akadondosha tone, akanirudishia.

"Chungulia."

Nikachungulia. Mstari ulitakiwa ukae kwenye sifuri. Haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umezama chini ya namba zote, nje kabisa ya kipimo.

"Vinatoka kiwandani hivyo," akasema. "Unakipima na maji matupu kwanza, unakaza kijiskrubu hiki hapa, ndipo unakitumia. Nilitaka kukwambia siku ile."

Mkaguzi yeyote, hata wa siku ya kwanza kazini, kitu cha kwanza anachokitazama ni mizani ikiwa tupu. Isipokaa sifuri, huna haja ya kuendelea, yote utakayopima baada ya hapo ni bure. Nimewafundisha vijana kumi na wanne kazi hii, na wote nimeanza nao hapo. Nilitamani ardhi ipasuke pale kati ya matangi. Yule dada alichukua bisibisi ndogo, akakaza skrubu mizunguko miwili, akanikabidhi kipima, akaniambia nipunguze chumvi polepole kwa siku tatu, labda aliyebaki atapona. Kisha akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana.

Nilikuwa nimeelewa habari ya samaki. Habari ya ndoo nilikuwa bado.

Mke wangu alirudi Ijumaa, wiki zake tatu zilipokwisha. Aliweka begi mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akaona kitanda kitupu na kabati tupu. Akarudi.

"Mama kachukua nguo zote," akasema. "Mtu anayekwenda kusalimia anachukua nguo zote?"

Nikamweleza. Nilianza na kipima chumvi, nikidhani nikianza na kosa langu la pale, mengine yatapungua uzito. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwenye mizani juu ya meza, aliketi.

"Ile chumvi ni mimi niliyemwambia achukue," akasema. "Nilimwambia kwenye simu. Miguu yake imevimba, viatu haviingii. Chumvi ya jikoni ilikuwa imekwisha, nikamwambia kuna ndoo nzima stoo, chumvi ni chumvi, achote aloweke miguu mchana ukiwa kazini, kisha ajichue."

"Mbona hakusema? Nilimuuliza. Nilimuuliza kwa upole."

"Akwambie wewe habari za miguu yake? Wewe mkwe wake?" Alinitazama kama vile ananiona kwa mara ya kwanza na hapendi anachokiona. "Umemkalisha mama yangu mbele ya mizani."

Nikaitazama ile meza. 

"Nenda kamlete," akasema. "Mimi siji. Uliyemtoa ni wewe."

Nilimkuta kwenye korido ileile. Godoro lilikuwa limekunjwa limeegemezwa ukutani, naye ameketi kwenye kiti cha plastiki anachambua mchele, miguu ameifunika. Mtoto mmoja alipita kwenda bafuni akambana, naye mama akasogea bila kuinua kichwa. Nilikohoa.

"Karibu, baba," akasema, akaanza kuinuka anipishe kiti.

Nilimwomba asiinuke. Nikachuchumaa pale sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake, nikamweleza kipima kilikuwa kibovu, maji niliyaharibu mimi, samaki niliwaua mimi, na kwamba najua chumvi ilikwenda wapi. Neno miguu sikulitaja. Nilisema, "Mama, nimekukosea. Nimekukosea sana. Nisamehe."

"Nimeshasamehe," akasema. Alikuwa anamaanisha, na hilo ndilo lililoniumiza. Hakuwa na kinyongo nipate hata cha kubembeleza. Akauliza, "Wamekufa wote?"

"Kabaki mmoja. Jana amekula."

"Afadhali. Asiye na mwenzake umtazame zaidi."

"Mama, nimekuja na gari. Twende nyumbani. Binti yako anakusubiri."

Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni ya sinia.

"Nitakuja, mwanangu. Nitawatembelea." Akafikiri kidogo. "Ila unipigie simu kwanza, uniambie siku gani mna nafasi. Na kama kuna vitu vya kutogusa, uniambie mapema, nisikukosee tena."

Nilimbembeleza nusu saa. Nilimwambia chumba ni chake, ufunguo wa stoo nimeutupa, hakuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho si chake. Kila nilichosema alikikubali kwa upole, "ndiyo, baba," "ahsante, baba," na hakuinuka. Alipoinuka, ilikuwa kunisindikiza. Nilimsihi abaki. Akasema mgeni hasindikizwi na ukuta, akatembea nami hatua kwa hatua akishika kuta za korido ile, hadi getini, akanishukuru kwa kuja kumwona.

Niliendesha taratibu kurudi, lakini nyumbani si mbali. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amebadilisha nguo za safari. Alisubiri nizime injini. Akaangalia kiti cha mbele, akaangalia cha nyuma, kisha akaingia ndani akafunga mlango.